Mwuguzi Anayevuka Bahari

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Nachingwea na Ruangwa. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili yasomwe tena darasani.

Hamjambo ninyi wa Nachingwea mjini, wa Mnero na wa Naipanga. Hamjambo ninyi wa Ruangwa, wa Mandawa, wa Nkowe na wa Mnacho. Kaeni vizuri. Mwenye daftari alifungue, mwenye kalamu aishike. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya 5 ubaoni: mwuguzi, kisiwa, rufaa, leseni, uhamisho. Someni pamoja mara mbili. Msiharakishe. Tutakutana nayo yote leo.

Juma lililopita tulisoma karatasi ya mnada wa korosho. Leo twaacha mashamba, twaenda hospitalini, na kutoka hospitalini twaenda baharini.

Habari yenyewe ni hii. Tuseme una binti. Alisoma shule hapa, akaenda chuo cha uuguzi Ndanda au Nyangao, akarudi akafanya kazi. Kisha akapelekwa masomoni tena, akajifunza kazi moja ya pekee. Sasa jioni moja amekuja nyumbani, amekaa jikoni karibu na mama yake, anasema, "Mama, nataka kwenda Mafia. Wanahitaji mtu wa kazi yangu." Au labda anasema Unguja. Nyumba nzima inanyamaza. Baba anauliza, Mafia ni wapi? Bibi anauliza, utavukaje maji yote hayo, mjukuu wangu? Mdogo wake anauliza ataletewa nini. Hayo ni maswali mema, lakini yapo mengine makubwa zaidi ambayo hakuna aliyeyauliza. Hayo ndiyo somo letu.

Kwanza tuulize, kazi ya pekee ni nini? Wengi wetu tukimwona mtu aliyevaa nguo nyeupe twasema "nesi", basi, yamekwisha. Lakini wauguzi hawako sawa. Yuko mwenye cheti, yuko mwenye stashahada, yuko mwenye digrii. Tena wako waliojifunza juu ya hapo jambo moja tu, wakalijua sana. Mmoja amejifunza kuuguza wagonjwa wa akili, kama wanavyofundishwa kule Mirembe, Dodoma. Mwingine amejifunza macho. Mwingine watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Na mwingine amejifunza kumlaza mgonjwa asisikie maumivu wakati wa kupasuliwa, na kumwamsha tena. Huyu wa mwisho twamwita mwuguzi wa usingizi. Katika nchi yetu wagonjwa wengi sana waliopasuliwa walilazwa na wauguzi wa namna hii. Wengine walisomea KCMC, Moshi. Binti yetu wa leo ni mmoja wao.

Hebu tuingie naye chumbani, maana usipoijua kazi yake hutajua kwa nini kisiwa ni jambo zito kwake.

Mama mjamzito ameletwa. Mtoto hapiti. Daktari anasema lazima kupasua. Mtu wa kwanza kumsemesha yule mama si mwenye kisu, ni mwuguzi wa usingizi. Anamwuliza, "Umekula saa ngapi?" Sikilizeni vizuri hapa, maana jambo hili lawahusu hata msiokwenda kisiwani. Mtu aliyelazwa kwa dawa hawezi kulizuia tumbo lake. Chakula kikipanda kooni huingia mapafuni, na mgonjwa anaweza kufa hapo hapo. Jamaa wengi humhurumia mgonjwa wakampa uji kwa siri, kisha wakiulizwa husema hajala kitu. Huruma hiyo ni hatari kubwa. Kama amekula, semeni amekula. Mwuguzi hatawagombeza, atabadili njia.

Njia ni kadha wa kadha. Zamani ilikuwa etha, dawa iliyoonyeshwa mbele ya watu katika hospitali ya Boston, Marekani, mwaka 1846. Siku hizi mama wa kujifungua mara nyingi huchomwa sindano ya mgongoni. Kuanzia kifuani kwenda chini hasikii maumivu, lakini macho yako wazi, na humsikia mtoto wake akilia. Kazi ya mwuguzi haikwishi kwa sindano, ndiyo kwanza inaanza. Dawa hiyo hushusha nguvu ya damu. Ikipanda mwilini kupita kiasi, pumzi yaweza kusimama. Kwa hiyo mwuguzi husimama kichwani pa mgonjwa, macho yake kwenye kifua na kwenye kipimo, na karibu na mkono wake uko mfuko wa kupulizia hewa. Ipo pia dawa iitwayo ketamini. Hiyo humlaza mtu, naye huendelea kupumua mwenyewe mara nyingi, ndiyo maana hospitali ndogo zisizo na mashine kubwa huipenda. Lakini na hiyo yataka mtu wa kumtazama mgonjwa kila dakika. Daktari hawezi kupasua huku akitazama pumzi. Mikono yake ni 2 tu.

Basi mmeona. Kumpasua mama mmoja kwataka daktari, kwataka mtu wa usingizi, kwataka damu iliyo tayari, na kwataka umeme au mtungi wa oksijeni. Kimoja kikikosekana, mama hupewa rufaa. Rufaa ni neno letu la tatu ubaoni. Maana yake ni kumpeleka mgonjwa hospitali nyingine yenye kile kilichokosekana.

Sasa tazameni. Mgonjwa akipewa rufaa Nachingwea au Ruangwa, gari huondoka kwenda Ndanda, au hospitali ya Sokoine pale Lindi, au hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Njia ni mbaya wakati wa masika, sikatai. Magari nayo huharibika. Lakini ardhi iko chini ya magurudumu. Gari likikwama, watu wa kijiji husukuma.

Mafia hakuna wa kusukuma. Mji wake mkubwa ni Kilindoni. Mashua na kivuko vyatoka Kilindoni kwenda Nyamisati, upande wa bara, katika wilaya ya Kibiti. Safari hiyo huchukua saa kadhaa, nayo hutazama maji kujaa na kupwa, na hutazama upepo. Ukifika Nyamisati bado hujafika hospitali kubwa, kuna barabara ndefu kwenda Dar es Salaam. Ndege ndogo zipo, nazo huvuka upesi, lakini nauli yake si ya kila mtu. Na mimba haingoji mchana. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 wilaya ya Mafia ilikuwa na watu zaidi ya 60,000. Fikirini mama wangapi hujifungua humo kwa mwaka.

Hapo ndipo jambo lilipo. Hospitali ya bara ikikosa mwuguzi wa usingizi kwa siku 2, ni shida. Kisiwa kikimkosa kwa siku 2, bahari nzima inaingia kati ya mama na kisu kitakachomwokoa. Kwa hiyo binti yetu akiwa peke yake huko, hana usiku wala sikukuu. Akiugua malaria, chumba cha upasuaji nacho kimeugua. Akivuka kwenda kumzika baba yake Ruangwa, kisiwa kizima kinamhesabia siku. Mimi nimewaza sana jambo hili, na naona swali la kwanza la kuuliza si la mshahara. Ni hili: je, tutakuwa wangapi wa kazi hii? Kisiwa chenye mtu mmoja wa usingizi ni ngalawa yenye kasia moja.

Mwalimu, wape nafasi wapumzike kidogo. Kisha mmoja asome tena sehemu ya swali la uji.

Haya, twaendelea. Nilisema Mafia au Unguja kana kwamba ni mamoja. Si mamoja hata kidogo, na hili wengi hawalijui, hata wasomi.

Visiwa vyetu vya baharini viko chini ya mikono miwili. Songosongo, kisiwa cha gesi, kiko wilaya ya Kilwa, yaani ni cha mkoa wetu wenyewe wa Lindi. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Ukerewe, kule Ziwa Victoria, ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mwuguzi akihamia visiwa hivyo amevuka maji, lakini hakubadili serikali wala baraza la wauguzi. Unguja na Pemba ni mambo mengine. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, lakini afya haimo katika mambo ya Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, ina utumishi wake wa serikali, na ina baraza lake la wauguzi na wakunga.

Kwa nini Mafia si sehemu ya Zanzibar, nayo iko hapo hapo baharini na zamani ilikuwa chini ya Sultani? Ni wakubwa wa Ulaya waliogawana. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipopatana mipaka, Mafia iliangukia kwa Wajerumani pamoja na bara. Mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza waliiteka, na mwaka 1922 iliwekwa rasmi chini ya Tanganyika. Hivyo makaratasi yaliyotiwa sahihi na watu ambao huenda hawakupata kuiona Kilindoni ndiyo yanayoamua hata leo binti yako apeleke wapi cheti chake.

Na cheti ni jambo la kuangalia sana. Leseni, neno letu la nne, ni ruhusa ya kufanya kazi. Bara yatolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Anayekwenda Mafia huenda nayo hiyo hiyo, bora isiwe imekwisha muda wake. Anayekwenda Unguja au Pemba ni lazima aandikishwe na baraza la huko kabla hajamgusa mgonjwa. Tena asiulize tu, "Je, mtaniandikisha kuwa mwuguzi?" Aulize, "Je, mtaniandikisha kwa kazi yangu ya pekee, na je, nitafanya kazi hiyo?" Maana mtu aweza kuwa na elimu ya usingizi, akapangiwa wodi ya kawaida, akatandika vitanda na kugawa vidonge miaka 3. Kutandika kitanda si aibu, ni kazi ya heshima. Lakini mkono usiotumika husahau.

Msidhani jambo hili ni la kwetu tu. Uingereza nayo ni kisiwa. Mwaka 1948 walianzisha huduma yao ya afya ya taifa, wakawa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Wakawaita wasichana kutoka visiwa vya Karibi, Jamaika, Barbados na vinginevyo. Wakaja wengi kwa meli. Huko Uingereza palikuwa na njia mbili za masomo ya uuguzi, ya juu na ya chini. Wengi wa wasichana wale wakatiwa katika njia ya chini, wengine bila kuelezwa tofauti yake. Walisoma, wakafanya kazi usiku na mchana, wakapata cheti. Walipotaka kurudi kwao wakaambiwa cheti hicho hakitambuliwi. Neno moja kwenye karatasi, ambalo hawakulielewa siku ile walipotia sahihi, liliwafungia mlango kwa miaka mingi. Nafurahi kulisema mbele ya darasa la kusoma, maana hapa ndipo mnapoona kusoma ni kwa nini.

Sasa uhamisho, neno la tano. Mwuguzi wa hospitali ya wilaya huku bara ni mtumishi wa halmashauri. Akitaka kuhamia halmashauri nyingine, sema Mafia au Kilwa, huomba kwa kupitia mwajiri wake, na siku hizi maombi hupita katika mfumo wa kompyuta wa watumishi. Likumbukeni hili: mtumishi akihamishwa na Serikali kwa mahitaji ya kazi, Serikali hulipa gharama za kumhamisha. Akihama kwa ombi lake mwenyewe, hujilipia. Kitanda, masanduku, watoto, nauli ya basi kutoka Nachingwea, nauli ya mashua, kodi ya nyumba ya kwanza, vyote juu yake. Nimewaona watu wakiuza korosho za msimu mzima kwa safari ambayo hawakujua wataigharimia wenyewe. Mwenye mume au mke aliyeko huko huweza kuomba kumfuata, aambatanishe cheti cha ndoa.

Kwenda Zanzibar si uhamisho wa namna hiyo, maana mwajiri ni serikali nyingine. Ama serikali mbili zipatane aazimwe kwa muda, ama aache kazi huku aombe upya kule. Akiacha, aulize kwanza habari ya malipo yake ya uzeeni. Huku bara mfuko wa watumishi wa umma ni PSSSF, kule Zanzibar ni ZSSF. Aliyechangia miaka 10 mfuko mmoja asiondoke bila barua inayosema michango yake itakuwaje. Nyumba nazo ni ghali mjini Unguja, kwa sababu ya watalii.

Upande mwingine, Unguja ina mambo ambayo mtu mwenye kazi ya pekee atayapenda. Iko hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyopata kuitwa V. I. Lenin baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2014 pale pale palifunguliwa jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa msaada wa Wahispania. Mwuguzi wa usingizi akifanya kazi mahali kama hapo hujifunza mambo asiyoweza kuyaona katika hospitali ya wilaya. Hayuko peke yake. Akishindwa, yuko wa kumwita. Pemba ipo kati na kati: hospitali ziko Chake Chake, Wete na Mkoani, lakini jambo likizidi mgonjwa huvuka maji kwenda Unguja. Kwa hiyo mtu akikwambia "nakwenda visiwani", mwulize kisiwa kipi, na hospitali ipi.

Nilisema umeme. Mashine ya kuchuja oksijeni hewani hutumia umeme. Ukikatika, twategemea mtungi, na mtungi kisiwani hujazwa ng'ambo na kuletwa na chombo. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwezi Desemba 2009 waya huo uliharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme wa kawaida karibu miezi 3, mpaka Machi 2010. Maji nayo yakawa shida, kwa kuwa pampu hazikuvuta. Waya mpya uliwekwa mwaka 2013. Mafia hutumia mitambo ya dizeli, na dizeli huja kwa chombo. Kwa hiyo binti yetu aulize: jenereta ya hospitali iko? Inawaka? Nani ana ufunguo wa chumba chake usiku? Msicheke. Mgonjwa aweza kupotea wakati watu wanamtafuta mwenye ufunguo.

Na bahari yenyewe. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa twaijua mvua, hatuijui pepo. Watu wa visiwani huhesabu mwaka kwa kaskazi na kusi. Kusi hupiga katikati ya mwaka, nayo huchafua bahari. Siku nyingine Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa onyo, na vyombo husimama. Chombo kikisimama usimsihi nahodha. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 200. Julai mwaka uliofuata ikazama Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kwa hiyo mwuguzi awe na desturi ya kuondoka siku 2 kabla ya siku anayotakiwa kazini. Mimi mwenyewe hutapika hata nikikaa katika ngalawa iliyofungwa ufukoni, kwa hiyo sina ujasiri wa kuwafundisha zaidi hapo.

Mwezi Mei 2024 kimbunga kiitwacho Hidaya kilifika Mafia, kikaleta mvua na upepo mpaka kwetu. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika upande wa Kilwa, magari yakasimama huku na huku. Siku zile sisi nasi tulikuwa kisiwa. Mtakumbuka jinsi bidhaa zilivyopanda bei. Sasa fikirini watu ambao kwao hali hiyo si ya juma moja.

Tuseme basi amekwisha kwenda. Maisha je? Ataona mengi asiyoyazoea, lakini si ugeni wa kutisha. Lugha ni yetu, ila Unguja husema skuli na spitali, na mkubwa wa mtaa huitwa sheha. Mgeni aende kwa sheha ajijulishe mapema, asingoje kuulizwa. Wenyeji wengi sana ni Waislamu, nao hupenda mavazi ya heshima na salamu ndefu. Mwuguzi anayekimbilia kipimo kabla hajasalimu huonekana hana adabu, hata awe hodari namna gani. Samaki na pweza hawapungui. Ugali wa mtama autafute kwa taa.

Tena asijione mgeni kabisa. Watu wa kusini wamekwenda na kurudi visiwani tangu zamani. Babu zetu wengine walipelekwa kwa nguvu, katika utumwa. Wengine walikwenda wenyewe kuchuma karafuu, wakabaki, na wajukuu wao wapo hata leo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, wakaja wakakaa Masasi, jirani zetu hapa. Kwa hiyo njia hii ni ya zamani, ila tu watu hao hawakuulizwa maswali wala hawakupewa nafasi ya kuyauliza.

Jambo moja la afya yake mwenyewe. Zanzibar wamepunguza malaria sana, na wagonjwa wengi wanaoonekana sasa huwa wameipata safarini bara. Mkoa wetu wa Lindi bado una malaria nyingi. Akija likizo wakati wa korosho, alale katika chandarua, na akirudi kisiwani akisikia homa apimwe siku hiyo hiyo.

Sasa liko swali ambalo nilitaka kulikwepa. Binti akienda, nani atabaki Nachingwea? Sisi nasi tuna akina mama. Katika wilaya hii, hospitali ya misheni ya Mnero ilipata daktari mpasuaji, Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja Masasi mwaka 1935, akahamia Mnero mwaka 1949. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, 1975 mpaka 1980. Aliacha kwao kisiwani Uingereza akaja kwetu msituni. Kwao walimkosa, kwetu tulimpata. Siwezi kuwaambia ninyi kwamba kuhama ni vibaya, maana tumekula matunda ya kuhama kwa wengine. Lakini mwuguzi anayeondoka aseme mapema, ili mwingine apelekwe masomoni kabla nafasi haijawa tupu. Mtu wa usingizi hapatikani kwa tangazo la juma moja. Na wazazi msimzuie kwa machozi, wala msimsukume kwa tamaa ya fedha za watalii. Mwulizeni amejibiwa nini.

Wazee wa Nachingwea walitusimulia mpango wa karanga, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Walikuja na matrekta, wakajenga reli kutoka pwani. Hawakuuliza vya kutosha habari ya mvua na udongo. Karanga hazikuota kama walivyodhani, na reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Walikuwa na fedha nyingi, na hasara hiyo waliimeza. Mwuguzi mmoja mwenye masanduku 2 hawezi kuimeza yake.

Basi kazi ya leo ni kuandika barua. Kila mmoja aandike kana kwamba ni yule binti, au amsaidie. Mwalimu, andika ubaoni, nao wanakili:

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mafia.

Yah: Maswali kabla ya uhamisho

Salaam. Mimi ni mwuguzi wa usingizi. Napenda kuja kufanya kazi kwenu. Naomba kujua mambo haya kabla sijajaza maombi. Je, wako wauguzi wangapi wa usingizi sasa? Je, nitafanya kazi ya usingizi au nitapangiwa wodi? Nikiwa likizo, nani atashika nafasi yangu? Je, jenereta na mitungi ya oksijeni ipo, na hujazwa kila baada ya muda gani? Je, damu hupatikana usiku? Mgonjwa wa rufaa huvushwa kwa chombo gani, na ni nani anayelipa? Je, nyumba ya mtumishi ipo?

Wako mtiifu,
(jina na sahihi)

Anayeandikia Unguja au Pemba aongeze maswali 2: la leseni ya baraza la huko, na la mfuko wa uzeeni. Acheni mstari mmoja mtupu chini ya kila swali, ili anayejibu apate kuandika hapo hapo. Wekeni tarehe juu kulia. Mwalimu akusanye barua zote, azisome, na yule aliyesahau sahihi arudishiwe yake. Juma lijalo, saa hii hii, tutajifunza kuandika anuani juu ya bahasha.